Mgonjwa wa Majaribio

Weye, umeshaona muntu akipunguzwa mpaka abaki neno moja?

Mjukuu wangu Fanny alikuwa anaandika programu ya hospitali. Ili aijaribu, alitunga mgonjwa wa uongo, akampa mambo ya marehemu mama yake: kikohozi, kitenge cha njano, kijiji cha Bwegera. Sasa alikuwa anayafuta moja moja.

"Jaribio linauliza kama amefika tu, Tate. Mengine ni uchafu."

Kwenye neno kitenge kidole chake kikasita, kisha kikabonyeza. Likabaki neno: amefika.

Baba yake akachungulia, akacheka. "Kumbe mugonjwa wako hata hakohoi tena!"

"Mama hakufika," Fanny akamwambia. "Minye nilitaka umutoe kwenye chumba cha maombi, Papa, umupeleke hospitali angali anapumua."