Mikwaruzo ya Kiwandani

Mwanamke alilibwaga sanduku la gitaa la besi juu ya meza ya fundi, bisibisi zikaruka chini.

"Nirudishie besi ya mume wangu!"

"Si hiyo hapo?" fundi aliuliza.

"Hii siyo. Nilikuletea ya kale, wewe umenipa ya juzi. Mwizi mkubwa!"

Wateja waliokuwa wakingoja redio zao wakageuka kutazama. Fundi alizima chuma chake cha kulehemia. Hakuwa mtu wa kelele.

Siku chache nyuma, mwanamke huyo alikuwa akifagia chumba akaliangusha sanduku. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi ukavunjika. Mumewe alikuwa kazini, naye akaikimbiza besi kwa fundi kimyakimya, kwa sababu mumewe hakuruhusu mtu yeyote aiguse besi ile. Mwanamke alizoea kuiita "mke mwenzangu", na mumewe alikuwa akicheka mpaka kutokwa na machozi.

Aliyegundua ni kaka yake, mpiga besi wa mji wa mbali, aliyefika kumsalimu asubuhi hiyo. Aliishika tu, akaguna.

"Dada, umepigwa. Hii haina uzee wowote. Kiwanda kinazitoa upya kwa umbo la zile za zamani, halafu kinazichubua ili zionekane zimekula chumvi."

Sasa kaka huyo alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Mimi nilibadilisha ufunguo tu," fundi alisema. "Wewe mwenyewe ulinikataza nisifungue kitu kingine."

"Shemeji anapiga jukwaani kila Jumamosi," kaka alisema. "Unadhani hataijua iliyo yake?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa mwanamke. Jumamosi ndiyo ilikuwa leo. Jioni mumewe angebeba sanduku kwenda kupiga hotelini, na akiikosa besi yake, nani angemwelewa? Nyumbani haipigi kamwe. Anasema besi bila spika ni sawa na kuota moto wa pichani. Na hotelini wake za wanamuziki hawakanyagi. Ni sharti la bendi. Kazi yake yeye ilikuwa kunyoosha shati jeupe na kungoja mlango ugongwe alfajiri. Aliwahi kumdarizia kitambaa cha jasho chenye ua jekundu, cha kwenda nacho jukwaani. Mume akasema amekipoteza wiki ileile.

Kaka alifungua sanduku, akaiinamia besi. "Tazama. Ya kale rangi yake hupasuka kama tope lililokauka. Hapa pamepakwa plastiki. Na mikwaruzo hukaa pale mkono unapolala. Huu hapa uko mahali ambapo mkono haufiki, labda apige kwa kiwiko."

Mteja mmoja akacheka.

"Kweli kabisa," fundi alisema. "Hii ni mpya."

"Umekiri!" mwanamke alisema.

"Nimekiri ni mpya. Wizi sijakiri. Ndiyo uliyoniletea, mama." Akaokota bisibisi. "Hata besi mpya, ikipigwa jukwaani kila wiki, ndani huwa na kutu, jasho, majivu ya sigara za watu. Tufungue mbele ya hawa mashahidi. Tukikuta uchafu wa mumeo, utaniomba radhi. Tukikuta pasafi, niite mwizi na polisi waje."

"Fungua!"

Alilegeza skrubu moja moja, akakibandua kifuniko cha mgongoni.

Palikuwa pasafi. Hapakuwa na kutu wala chembe ya majivu.

"Mwizi!" Mwanamke alimrukia fundi na kumkaba shati. "Iko wapi? Nitamwambia nini mume wangu?"

 Fundi alikuwa akikodolea macho ndani ya kishimo kilichokuwa chini ya kifuniko.

"Dada, mwachie," kaka alisema taratibu.

"Nimwachie aende wapi?"

"Humu hamna waya hata mmoja. Zimeng'olewa zote. Hii haiwezi kulia, hata uichomeke kwenye spika ya uwanja mzima."

Kaka aliingiza vidole viwili akatoa kifurushi kidogo kilichoshindiliwa pale nyaya zilipotakiwa kuwa. Kilikuwa kitambaa. Kwenye pembe kilikuwa na ua jekundu.

Mwanamke aliliachia shati la fundi. Alikichukua, akakikunjua mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na pete ya ndoa, ya kiume. Haikuwa ile aliyomvisha yeye; hiyo mumewe alikuwa ametoka nayo kidoleni asubuhi.

Simu yake ikaita.

"Mke wangu," sauti ya mumewe ilisema kwa furaha, "shati limeshanyooka? Leo tunapiga mpaka kuche."