Mkwezi Aliyekataa Kushuka

Katika mji ule, mkwezi akitaka kupanda mnazi hupiga ukelele kwanza, ili wanawake wanaooga uani wajisitiri. Mzee Ngwali alipiga ukelele wake asubuhi, na Bi Mwanahawa, aliyekuwa akioga uani kwake kando ya mnazi, akajifunga kanga akangoja. Nazi zikaanguka zote. Mzee hakushuka.

Jua likapanda, sabuni ikamkaukia Bi Mwanahawa shingoni.

"Ngwali! Umeota makuti huko? Teremka, nioge!"

"Sishuki, Bi Mwanahawa."

"Umekwama?"

"Wanangu wamesema leo ndiyo mwisho. Nikikanyaga chini tu, kamba yangu ya kukwelea wanaichukua, mimi nikae barazani nimenye viazi."

Bi Mwanahawa alitaka kucheka, akajizuia. Akainua uso, akakinga jua kwa kata ya kuogea. Miaka yote alikuwa akijificha na macho ya mtu huyu, wala hakuwahi kumwuliza yanafika wapi.

"Hebu niambie, unaona nini huko?"

"Paa lako limetoboka. Halafu mji wote. Halafu kule mwisho kuna kitu cha buluu, sijui ni milima, sijui ni mvua."

"Mwongo mkubwa! Huku kwetu milima iko wapi?"

"Basi njoo utazame."

Bi Mwanahawa akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Akaweka kata chini, akakaza kanga kiunoni, akapachika kidole gumba cha mguu kwenye ngazi ya kwanza iliyochongwa mnazini.