Mstari wa Kwanza

Jina la Benadetha lilitokea juu kabisa, na mbele yake namba kumi na tisa.

Kyaruzi, ofisa takwimu wa hospitali moja wilayani Muleba, alidhani amekosea. Akaiamuru kompyuta upya: chukua rekodi zote za waliojifungua mwaka huu, zigawe kwa jina la mkunga, hesabu watoto waliofariki katika kila kundi. Jibu likarudi lile lile. Rekodi elfu mbili na ushei zilikuwa zimegeuka mistari minane tu. Wakunga wengine saba walikuwa na kifo kimoja, au hawana kabisa.

Alipeleka karatasi kwa mganga mfawidhi. Benadetha akaitwa.

"Una la kusema, Sista?"

Mama yule wa makamo aliisoma karatasi, akajibu kwa heshima ya Kihaya: "Hesabu ni sahihi, waitu. Wote nawakumbuka, na mama zao kwa majina."

Basi. Hakujitetea, hakulia. Kyaruzi alimwona ana moyo wa jiwe.

Wiki hiyo hiyo Benadetha alihamishiwa stoo ya dawa mjini Bukoba. Kwenye kikao cha wafanyakazi, mganga alimsimamisha Kyaruzi mbele ya wote na kumpa mkono wa pongezi. Wakunga walipiga makofi hafifu, macho chini. Kyaruzi aliwaelewa: ni aibu kufanya kazi miaka yote na mtu wa namna ile bila kumsema.

Yeye alikuwa na furaha yake ya pembeni. Mkewe, Evodia, alikuwa na mimba ya kwanza. Sasa angejifungua katika mikono salama.

Uchungu ulimshika Evodia Jumanne asubuhi, kwa mama yake kule Kagoma. Jirani akamleta kwa gari. Hadi saa saba mchana, mtoto hajatoka. Kyaruzi alisimama mlangoni pa wodi ya uzazi, shati limemganda mgongoni, akisikia sauti ya mkewe ikipungua.

Joanitha akatoka. Ndiye mkunga ambaye mstari wake ulikuwa na sifuri.

"Mtoto ametanguliza miguu, kaka. Daktari wa upasuaji hayupo; tumeita gari la wagonjwa, bado liko Bukoba."

"Fanya kitu, Joanitha! Wewe hujawahi kupoteza mtoto hata mmoja!"

"Kwa sababu wa namna hii sijawahi kuwashika," alisema Joanitha, machozi yakimlengalenga. "Wote tulikuwa tunampelekea Sista Benadetha."