Molasi Iliyokataliwa na Ng'ombe

Bei ya sukari ilipopanda mjini, Nyamizi alikaa mbele ya pipa lake tupu, mfuko wa sukari mapajani. Kazi yake ilikuwa kuichachusha, kisha kuichemsha na kukinga mvuke wake uwe spiriti ya majiko. Sasa sukari ya pipa moja ilikuwa ghali kuliko spiriti yote ambayo ingetoka. Akiimimina ni hasara. Asipoimimina, kazi imekwisha.

"Usimimine, dada," alisema Lukelo, jirani yake mfugaji, akiingia na dumu begani. "Nimekuletea kitu rahisi."

"Rahisi bei au rahisi kuchacha?"

"Vyote viwili. Ni molasi, masalia ya kiwanda cha sukari. Ng'ombe wangu wameikataa."

Nyuma yake ng'ombe mmoja alikuwa amenyoosha ulimi, akilamba molasi iliyochuruzika kwenye dumu. Nyamizi alimtazama ng'ombe, akamtazama Lukelo, akacheka mpaka mfuko ukamponyoka.

"Kweli wameikataa, kaka. Naona wanavyoililia."

Lukelo akajikuna shingo. "Huyu hana adabu tu. Kiwandani wanaiuza kama bure. Kesho twende nikakuonyeshe."

Waliikoroga molasi kwa maji ya vuguvugu, wakatia hamira. Nyamizi akavua khanga yake ya juu, akalifunika pipa kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. Kisha wote wawili wakaegemeza masikio kwenye bati la pipa, wakisubiri lianze kunong'ona kwa mapovu.