Barua Isiyo na Doa la Mawese

Aikande aliipokea barua kwa mchukuzi, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na doa la mawese.

Kwa miaka sita barua za rafiki yake mwandishi zilivuka ziwa kutoka Rumonge katika maboti ya wauza mawese. Zilimfikia dukani kwake Gungu, katikati ya riwaya na madaftari, zikiwa zimechelewa wiki mbili na zina alama nyekundu pembeni. Walikuwa hawajaonana hata siku moja. Vita vilipoanza kule Burundi, barua zikakatika.

Hii ilikuwa safi kabisa. Halafu akaiona tarehe.

"Ya leo!" alipiga kelele. "Baba, umeitoa wapi hii?"

"Kibirizi, mama," alijibu mchukuzi aliyeileta. "Kuna boti la wakimbizi limetia nanga asubuhi. Mzee mmoja kaniinamisha, kaandikia hapahapa mgongoni kwangu."

Kumbe ndiyo maana mwandiko ule mzuri leo ulikuwa unayumbayumba! Aikande alisoma.

"Dada yangu, nimevuka salama. Ila nakuomba sana usije kunipokea. Sina viatu, na miaka yote hii nimekuandikia kama mtu mwenye viatu."

Aikande aliangua kicheko, machozi yakimtoka, akainuka.

"Sasa duka, mama?" mchukuzi aliuliza.

Aikande alivua kandambili zake, akazisukuma chini ya meza, akatoka mbio pekupeku kuelekea Kibirizi.