Barua ya Kumsifu Namalwa

Namalwa aliandika kwamba katika miaka tisa ya kumfahamu Namalwa, hajapata kuona mfanyakazi mwenye bidii kama yeye. Akaisoma sentensi hiyo, akaona bado haijamtendea haki, akaongeza: "wala mwenye akili kama zake."

Haikuwa wazimu. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, kinachofundisha shahada ya uandishi kwa njia ya mtandao, kilitaka barua ya kumpendekeza kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Mkubwa huyo, Bwana Clifford Kitonga, meneja wa mawasiliano wa kampuni moja ya bima hapo katikati ya jiji la Nairobi, alikuwa amelipokea ombi lake kwa moyo mkunjufu.

"Namalwa, si uiandike tu mwenyewe? Mimi nitasaini."

Nani angeshangaa? Kitonga alikuwa meneja wa mawasiliano asiyewasiliana. Hotuba zake, salamu zake za rambirambi, makala zake katika jarida la kampuni, zote zilitoka kwenye meza ya karani wake. Hata ile barua ya kumwomba mkewe radhi, iliyomrudisha mama wa watu nyumbani kwao Spring Valley huku akilia, ilitungwa na Namalwa wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja ukiwa na chapati.

Sasa alikuwa amechoka. Mchapishaji mmoja wa vitabu kule Westlands alikuwa amemwahidi kazi ya uhariri, mradi tu alete barua ya kukubaliwa chuoni. Bila barua hiyo angebaki karani wa Kitonga mpaka mmoja wao afe, na Kitonga alikuwa buheri wa afya, anakimbia kilomita tano kila asubuhi.

Fomu ya maombi kwenye tovuti ya chuo ilitaka pia insha ya mwombaji mwenyewe, aeleze kwa nini anafaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini walioiunda tovuti ile hawakuwa wamepata habari. Jumapili nzima baada ya ibada, Namalwa alikaa mbele ya kompyuta nyumbani kwake Mutuini. Kwa jina lake mwenyewe, maneno yaligoma. Mwishowe akaandika kwamba ana umri wa miaka thelathini na sita, anapenda kusoma, na atajitahidi Mungu akimjalia.

Lakini kwa jina la Kitonga! Hapo vidole vilijua njia. Aliweka mzaha mahali pake na methali mahali pake, akasimulia jinsi karani wake alivyoiokoa hotuba ya mkurugenzi wageni wakiwa wameshaketi. Laila, karani wa meza ya pili, mzaliwa wa Mombasa, aliisoma yote bila kuketi.

"Wallahi shoga, barua imekaa," akasema. "Ila humu Kitonga kapendeza kukushinda wewe."

Wakacheka mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Kitonga aliitia sahihi bila kuisoma. Alichokagua ni jina lake tu, kama limeandikwa kwa herufi nzito. Akaituma chuoni kwa simu yake mwenyewe, kazi iliyomchosha sana, kisha akashuka kwenda kunywa kahawa.

Wiki mbili zikapita. Kitonga akawa mchangamfu kupita kiasi. Alinunua miwani, ilhali macho yake yalikuwa mazima. Asubuhi moja akaja kuegemea meza ya Namalwa.

"Eti insha na makala, tofauti yake ni gani?"

Namalwa akamweleza polepole, akidhani mtoto wa bosi amepewa kazi ya shule. Kitonga akayanakili yote katika kidaftari.

"Wale watu wa chuo walikupigia, bosi?" Namalwa akauliza, roho juu.

"Walinipigia. Tumeongea karibu saa nzima."

"Kuhusu mimi?"

"Kuhusu wewe pia."

Siku hiyo Namalwa hakula. Saa nzima! Mtu aliyeweza kuharibu salamu za dakika mbili alikuwa ameachiwa saa nzima na maisha ya Namalwa. Alijiona tayari akizeekea kwenye kiti kile, akitunga rambirambi za watu asiowajua.

Ijumaa, saa nne asubuhi, barua pepe ikaingia. Amekubaliwa. Laila akapiga vigelegele ofisi nzima ikasimama, na Namalwa akalia wala hakujificha. Alikuwa huru. Papo hapo akaandika barua ya kuacha kazi, mistari mitatu tu, na chini yake akatia sahihi yake mwenyewe. Akampelekea Kitonga mkononi.

Alitarajia vita. Kitonga alisoma, akasimama, akampa mkono.

"Enda tu, mama. Mimi na wewe hatuachani."

Namalwa alimwonea huruma kidogo. Ndiyo maneno ya mtu aliyekosa la kusema kwa sababu hakuna aliyemwandikia. Akarudi mezani, akampigia mchapishaji wa Westlands kumpa habari, akaanza kukusanya vitu vyake. Ndipo akakumbuka kwamba barua ya chuo ilikuwa na ukurasa wa pili. Akaufungua akiwa bado anatabasamu.

"Somo lako la kwanza, ambalo ni la lazima kwa miaka yote mitatu, linaitwa Kuandika kwa Sauti Yako Mwenyewe. Mkufunzi na msahihishaji wako atakuwa Bwana Clifford Kitonga wa Nairobi, ambaye tulimwajiri mara tu tuliposoma barua aliyoandika kukuhusu."