Kitanda cha Mhanga

Mhanga ni fundi wa kuchimba, hilo hakuna anayembishia. Zamani alichimba shimo lenye vyumba vinne chini ya kichuguu, akavipangisha. Chumba cha ndani kabisa alikichukua Nguchiro na watoto wake watatu. Nguchiro huyo alikuwa na tabia moja: kuuliza.

Masika yalipokaribia, dari ya Nguchiro ikapasuka. Mhanga akaja na tope, akapaka. “Usipoziba ufa utajenga ukuta,” akasema kwa majivuno.

Siku ya tatu ufa ukafunguka tena. “Mwenye nyumba, dari hii haitaki nguzo?” Nguchiro akauliza.

“Nguzo ni za nyumba iliyoinama. Hii ni imara, mama.”

Nguchiro hakuridhika. Akazunguka shimo zima akichungulia, mpaka akakuta kitanda cha Mhanga mlangoni kabisa.

“Mbona unalala hapa?”

“Napenda upepo.”

“Hata wakati wa baridi?”

Mhanga akakohoa.

Asubuhi yake wapangaji wote wakakibeba kitanda kile, wakakiweka chini ya ufa. “Mzee, nguzo hatudai tena,” akasema Nguchiro. “Tunaomba tubadilishane vyumba tu, mpaka masika yaishe.”

Mhanga akautazama ufa. Udongo ukamdondokea puani.

Kabla jua halijazama, nguzo sita zilikuwa zimesimama mle ndani, na aliyezikata ni Mhanga mwenyewe.

Tangu hapo mnyama akitafuta chumba hatazami kuta. Huuliza kwanza mwenye nyumba analala wapi.